Tupeane uzoefu: kuajiri waingiza sauti mtandaoni, mambo hukwama wapi?

Mwanzisha mada, Kampala
Habari za humu. Wengi hapa tunaagiza sauti za matangazo ya redio na video za mafunzo, na wengine ndio wenye sauti zenyewe. Sifa za tovuti za kuajiri kama Fiverr, Upwork na Voices.com zimeshasemwa vya kutosha, uzi huu ni wa kasoro tu. Anayejua kinachoharibika na sababu yake aweke hapa, na hesabu akiwa nayo. Hadithi za "mimi niliwahi" zisubiri siku nyingine.

Fundi wa Ntinda
Kisanduku cha kuchagua lugha kwenye tovuti hizo ndicho tatizo la kwanza. Unachagua Kiswahili, basi. Mtu wa Dar, wa Mombasa, wa Bunia na wa Arua wote wamo humo humo.

Sasa chukua ujumbe wa chanjo kwa wakimbizi wa Kyaka II, wilaya ya Kyegegwa. Wengi wao wametoka Kongo, nyumbani wanasema *batu* na *batoto*. Sauti ya Dar wataielewa, ila itawafikia kama taarifa ya habari, si kama jirani anayewaambia jambo. Halafu jina la wilaya lenyewe: msomaji wa mbali atasoma ki-e-ge-gwa, wakati *ky* ya huku inatamkwa karibu na *ch*. Hapo msikilizaji ameshajua kwamba anayesema hajawahi kukanyaga huko.

Dawa yake: tuma skripti pamoja na sauti ya sekunde 20 ya mwenyeji akitamka majina yote, kila moja mara mbili, polepole. Maelezo ya kuandika hayatoshi. Itume siku ya oda, maana marekebisho ya bure huwa moja au mawili, na kosa ambalo hukulitahadharisha utalipia wewe.

Dada wa Maiki
Na sisi wa Buganda tusijisahau, ssebo. *L* na *r* zinatuponyoka. Tangazo la uchaguzi likisema "nendeni mkapige kula", limekwisha hilo. Sampuli ya kwenye profaili haikuonyeshi udhaifu huo kwa sababu mtu huweka dakika yake nzuri kuliko zote. Omba asome sentensi mbili ulizotunga wewe, zenye *kura* na *kula*, *mahali* na *mahari*, *kalamu* na *karamu*.

Mhasibu
Nije kwenye pesa. Oda ya dola 50 ya Fiverr: muuzaji anakatwa asilimia 20, anabaki na 40. Mnunuzi naye ameongezewa asilimia 5.5, na oda ikiwa ndogo kuna ada nyingine juu yake. Oda ikishafungwa, muuzaji wa kawaida anasubiri siku 14 kabla ya kuigusa hela. Ikifika kwenye simu, kuna ada ya kutoa na kodi ya asilimia 0.5. Ndiyo maana mwenye sauti nzuri akipandisha bei, si tamaa.

Lakini wizi wenyewe, na nauita wizi, uko kwenye kulipa kwa neno. Vifurushi vingi hupangwa kwa idadi ya maneno, kipimo cha Kiingereza: maneno 75 kwa sekunde 30. "Hatutakusahau" ni neno moja. Kwa Kiingereza ni maneno matano. Kiswahili hujaza sekunde hizo 30 kwa maneno kama 55 hadi 60, kwa hiyo msomaji anafanya kazi ile ile kwa malipo pungufu. Mnunuzi naye akitafsiri skripti bila kuipunguza, anapelekewa sauti inayopita sekunde 30, isiyoingia kwenye tangazo. Kubalianeni kwa dakika iliyokamilika.

Mzee wa Arua
Mhasibu kasema kweli. Naongeza moja kwa wanunuzi: ukipokea kazi Fiverr ukanyamaza siku 3, oda inajifunga yenyewe. Mkubwa wa ofisi anayepaswa kuidhinisha yuko Gulu hadi Jumatatu, ushachelewa. Omba marekebisho ndani ya muda, hata kama ni madogo, ili oda ibaki wazi.

Fundi wa Ntinda
Narudi kwenye sauti. Sampuli ilirekodiwa studio, kazi yako inarekodiwa chumbani, chini ya mabati, jenereta ya jirani ikinguruma. Msomaji anapitisha programu ya kufuta kelele na sauti inatoka kama mtu aliyezama kwenye mtungi, *s* zote zimeliwa. Kabla ya kulipa, omba sekunde 10 za ukimya wa chumba, ghafi, bila kusafishwa. Kelele ikizidi −60 dB kwenye kipimo cha programu ya kurekodi, tafuta mwingine. Faili iwe WAV, yaani isiyobanwa, ya 48 kHz, biti 24. Ikipitishwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, inabanwa na haifai kurushwa.

Dada wa Maiki
Wenye sauti, someni haki za matumizi kabla ya kukubali. Paul Skye Lehrman na Linnea Sage wa Marekani waliishtaki kampuni ya Lovo mwaka 2024 huko New York, wakidai sauti zao zilinunuliwa Fiverr kwa maelezo ya uongo kisha zikageuzwa sauti za kompyuta. Andika kwenye oda yenyewe: tangazo hili tu, redio gani, miezi mingapi, na hairuhusiwi kufundishia mashine. Mteja akikupa skripti ndefu ya sentensi zisizohusiana hata kidogo, muulize ni ya nini.

Mgeni, Mbale
Na ACX, ile tovuti ya Audible ya kurekodi vitabu vya kusikiliza, je?

Mhasibu
Hawapokei wasomaji wanaoishi Uganda. Ni Marekani, Uingereza, Kanada na Ireland.

Mzee wa Arua
Na wakati wa uchaguzi msipokee oda ya haraka. Januari 2021 intaneti ilizimwa siku kadhaa, na saa ya oda haikusimama kutusubiri. Fiverr kuna kitufe cha kusitisha upokeaji wa oda, kibonyezeni wiki moja kabla.