Gesi ya kilo 15 au presha kuka ya umeme? Tunaanza maisha, Tabata

mpangaji_mpya
Habari za jioni wakuu. Mimi na mke wangu tumefunga ndoa juzijuzi, tumepanga chumba na sebule Tabata Kimanga. Kwa sasa tunapikia mtungi mdogo wa kilo 6, ule wenye kichomeo juu yake, na maharage tunayabandika kwenye mkaa. Tumetenga laki mbili na nusu ya mambo ya jikoni. Mwenzangu anataka mtungi wa kilo 15 na jiko la pleti mbili. Mimi naona tununue presha kuka ya umeme, mtungi mdogo ubaki kwa chai na mboga. Jumamosi tunashuka Kariakoo. Ipi inabana matumizi?

fundi_wa_ilala
Hongereni kwa ndoa. Lakini jambo la msingi hujalitaja: LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yenu wenyewe au mnachangia na wapangaji wengine? Bila hilo mtu akikuambia umeme ni nafuu anakubahatishia.

mama_wawili
Na mtungi huo wa kilo 6 unawakaa muda gani? Nani anashinda nyumbani mchana? Maharage mara ngapi kwa wiki? Toa maelezo, mdogo wangu.

chalii_wa_segerea
Gesi tu. Umeme ukikatika saa moja jioni mtakula nini? Pleti mbili, huku ugali, huku mboga, nusu saa mko mezani. Mimi sina mjadala.

mpangaji_mpya
Shukrani. LUKU tunachangia, vyumba vinne mita moja, kila chumba kinatoa elfu kumi kwa mwezi. Mtungi mdogo hautufikishi hata wiki tatu. Maharage karibu kila siku.

mama_wawili
Watu wawili, maharage yako kwenye mkaa, halafu kilo 6 haifiki wiki tatu? Kuna kitu kingine kinapikwa hapo.

mpangaji_mpya
Ni kweli dada, mke wangu anakaanga maandazi alfajiri, anampelekea mama mmoja wa genge auze. Sikudhani linahusika.

mama_wawili
Linahusika kuliko yote! Maandazi hayakaangwi kwenye presha kuka. Shemeji anadai pleti mbili kwa sababu anajua kazi yake. Kwenye karai la mafuta, moto unatakiwa upande na kushuka papo hapo. Mtu anayeamka saa kumi usiku kuitafutia nyumba hela asikilizwe kwanza.

fundi_wa_ilala
Nakubaliana na dada kwenye maandazi, ila maharage tuyatazame kwa hesabu. Nyumba ya vyumba vinne kwa vyovyote inapita uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo ile bei ya watumiaji wadogo haiwahusu. Mko bei ya kawaida, elfu kumi inatoa uniti 28 na pointi, yaani uniti moja kama shilingi 356 ukijumlisha kodi na makato. Presha kuka ya wati 1,000 ikipika nusu kilo ya maharage haifiki nusu uniti, kwa sababu mvuke ukishajaa inajizima, inawaka kidogo, inajizima tena. Hiyo ni chini ya shilingi 180. Mkaa wa kuivisha sufuria hiyo hiyo hauupati kwa hela hiyo popote Dar. Na ukiyaloweka usiku yanaiva mapema zaidi.

Lile jiko la umeme la waya mwekundu ndilo linalokula umeme. Watu wanalichanganya na presha kuka, kisha wanasema kupikia umeme ni ghali.

Jambo la pili, chomeka ukutani moja kwa moja. Usipitishe kwenye ekstensheni yenye TV, friji na chaja. Nyumba nyingi za kupanga nyaya zake ni nyembamba na za zamani. Nimeshabadilisha soketi nyingi zilizoyeyuka kwa sababu hiyo.

binti_wa_tanga
Hesabu ya fundi ni safi, lakini haijagusa watu mtakaoishi nao. Ngoja nieleze yaliyonipata.

Tulipanga Temeke, vyumba vitano, mita moja, kama ninyi. Mume wangu akaninunulia presha kuka nilipokuwa mjamzito, maana moshi wa mkaa ulikuwa unanitapisha. Mwezi wa kwanza shwari. Wa pili umeme ukaisha mapema, na kikao kikaitwa uani bila sisi kuambiwa. Jirani mmoja alisimama akasema umeme unamalizwa na "jiko la bibi arusi". Yeye mwenyewe alikuwa na friji inayolia usiku kucha na pasi ya kunyooshea nguo za watu kwa malipo. Hakuna aliyeitaja pasi! Tukaambiwa tutoe mara mbili ya wengine au jiko litoke.

Tukalipa. Mwezi uliofuata umeme ukaisha mapema vilevile, lawama zikarudi kwetu. Ikafika mahali nikiweka maharage natazama mlango kama mwizi. Ubwabwa naufunika kitambaa mvuke usionekane. Mama mwenye nyumba alikuwa anaishi mbali, akipigiwa simu anasema "malizaneni wenyewe". Mume wangu akaomba tufungiwe mita ndogo yetu ya ndani kwa gharama zetu, kila mtu aone uniti anazotumia. Wale wale waliokuwa wakilalamika ndio waliokataa. Mwisho tulihama na mtoto mchanga mikononi. Hadi leo naumia nikikumbuka.

Kwa hiyo kaka, kabla hujashuka Kariakoo kaa na majirani zako. Wakikubali mita ndogo, nunua presha kuka kwa amani. Wakikataa, chukua gesi.

fundi_wa_ilala
Pole sana dada. Mita ndogo inaondoa ugomvi huo kabisa. Mpangaji, muombe mwenye nyumba, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni.

mzee_wa_pugu
Vijana mnadharau mkaa. Wali wa nazi uliopaliliwa makaa juu ya kifuniko hauna mpinzani, na maharage ya mkaa yana ladha yake. Mkaa wa kopo unanunua kwa uwezo wa siku hiyo. Gesi lazima uwe na hela ya mtungi mzima.

chalii_wa_segerea
Mzee, heshima yako, lakini misitu inaisha. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Hata taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimezuiwa kuni na mkaa.

mzee_wa_pugu
Mkakati naujua kijana. Nazungumzia mfuko wa mtu asiye na mshahara. Kujaza mtungi wa kilo 15 ni elfu hamsini na kitu kwa mkupuo.

mama_wawili
Hapo mzee ana hoja. Ila baba yangu, tusiwaache watoto hawa bila tahadhari: jiko la mkaa lisilale chumbani mlango umefungwa, hata kama makaa yanaonekana kufifia. Hewa yake haina harufu na inaua usingizini.

duka_la_kona
Nauza gesi, mkiona napendelea mnisamehe. Ukinunua mtungi, dai upimwe mbele yako. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wanataka muuzaji awe na mizani dukani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe, ujumlishe na kilo 15, usome mizani. Angalia na lakiri isiwe imechezewa. Kuna watu wanahamisha gesi kutoka mtungi hadi mtungi vichochoroni, unabeba pungufu na unabeba hatari.

Mtungi wa kilo 15 unahitaji regyuleta na mpira, hapo msibane hela. Ukifunga, paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama chini. Ukisikia harufu, fungua milango, funga valvu, usiguse swichi ya taa.

mpangaji_mpya
Nawashukuru sana wote. Nimemsomea mke wangu, kasema dada mama_wawili abarikiwe. La mita ndogo nitaongea na mwenye nyumba. Tatizo jingine, tukinunua umeme kuna 1,500 inakatwa kila mwezi, na wenzangu wanasema ni lazima tulipe sisi.

fundi_wa_ilala
Hiyo ni kodi ya jengo. Ilianza kukatwa kwenye LUKU 2021 kwa shilingi 1,000, ikapanda 1,500. Ni ya mwenye nyumba, mpangaji anakatwa tu kwa kuwa ndiye anayenunua umeme. Tunzeni risiti, mkatane kwenye pango.

chalii_wa_segerea
Kisheria sawa, lakini jaribu kumwambia mwenye nyumba wa Dar umkate 18,000 za mwaka. Atakuambia tafuta kwingine.

binti_wa_tanga
Wetu wa sasa tulimuandikia kwenye mkataba na alikubali bila maneno. Tatizo wengi wanaingia nyumba bila mkataba, wanamwamini dalali.

mzee_wa_pugu
Dalali mwenyewe keshachukua kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango. Hilo nalo serikali ilitazame.

mama_wawili
Mpangaji, na mkataba mnao? Maana kama hamna, hiyo laki mbili na nusu msiimalize yote Jumamosi.

duka_la_kona
Na jikoni mnapikia wapi, ndani ya sebule au kibarazani? Hilo bado hujasema.