Tupeane uzoefu: plagi, soketi na huu waya wa ethi tunaoudharau

Mwana wa Bububu: Asalam alaykum wadau, kila nyumba ninayoingia naona mtu kachomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili chaji yake ya miguu miwili iingie, na mwengine ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, anaiona haina kazi. Jirani yetu friji lake lilikuwa linatekenya ukishika mlango, wakazoea, ukivaa ndara hulisikii kabisa, mpaka siku mwanawe katoka kuoga yuko peku kalishika likamrusha. Alhamdulillahi mzima. Fundi kufungua plagi, ule waya wa kijani na njano, ndo ethi yenyewe, umekatwa kwa mkasi ukakunjwa pembeni!! Hebu semeni na nyie yaliyokufikeni.

Fundi Chake: Hayo Pemba nayakuta kila siku. Ile pini ndefu ya plagi, ya ethi, imefanywa ndefu makusudi, inatangulia kuingia na ndo inafungua vifuniko vya matundu ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), sasa wewe ukivifungua kwa kalamu umemwekea mtoto matundu wazi. Laivu ikigusa bodi ya friji, ethi inaupeleka umeme ardhini, fyuzi inakatika au breka inaanguka. Kama ethi haipo njia ni mwili wako. Kufunga plagi: ichomoe kwanza, pini zielekee mezani, ile ndefu iwe juu, waya wa kahawia (laivu) kulia penye fyuzi, buluu (nyutro) kushoto, kijani na njano (ethi) juu. Nyumba za zamani ukutani utakuta nyekundu ndo laivu na nyeusi nyutro, hapo usibahatishe.

Ummu Makunduchi: Mie ni birika la umeme. Jikoni kunanuka samaki nikasema ni nguru wa jana, nimeosha sufuria zote harufu ipo palepale, kumbe soketi inaungua ndani, plagi ishakuwa laini na fyuzi imezungushiwa ile karatasi ya kung'aa ya pakti ya sigara. Tulilinunua kwa mtu likiwa hivyo hivyo.

Fundi Chake: Pole sana mama. Soketi ikianza kuungua hunuka hivyo hivyo samaki, usisubiri moshi. Birika la wati 2000 kwa volti zetu 230 linavuta karibu ampea 9, kwa hiyo fyuzi ya ampea 13. Taa ya mezani fyuzi ya ampea 3 inatosha. Karatasi ya sigara haikatiki wakati inapotakiwa ikatike, ndo waya unaungua badala yake.

Kijana Nungwi: Sie tuko pwani, kijiti cha ethi, kile chuma kilichochomekwa ardhini nje, kimeliwa na chumvi, ukikitikisa kiungo cha waya kinabaki mkononi. Testa (bisibisi yenye kitaa) lakini inawaka vizuri tu kwenye soketi, si salama hiyo fundi?

Fundi Chake: Hapana kaka, testa inakuonesha laivu tu, ethi inaweza kuwa haipo kabisa na ikawaka vilevile. Hicho kijiti kibadilishwe, na aje fundi mwenye mita ya kupimia ethi azime swichi kubwa kwanza. Mpaka hapo friji na mashine ya kufulia msizishike mkiwa peku wala na mikono ya maji.