Naomba ushauri: kitabu changu cha hadithi za kutisha, nikitoe au nisikitoe?

Kijana wa Mkomani: Wanajukwaa, nimekwama. Nina hadithi 9 za kutisha, zote za hapa Lamu. Mchapishaji amezikubali ila usingizi sipati. Nizitoe?

Msomaji Sugu: Toa! Vitabu vya namna hii tunavyo vichache. Said Ahmed Mohamed alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001, mzimu wa babu ukamwandama mjukuu aliyeshiba vyeo. Katama Mkangi, mtu wa Pwani hii hii, alimpeleka Dzombo wake hadi sayari nyingine katika Walenisi, 1995. Lisome polepole jina hilo: wale ni sisi. Siku niliyoling'amua nilirudia kitabu kizima.

Binti Shela: Mimi jioni moja narudi kutoka kule kwenye matuta ya mchanga, nikaitwa jina langu mara tatu. Sikugeuka. Mpaka leo njia ile sipiti peke yangu.

Ustadh: Mambo ya ghaibu hayachezewi, mwanangu. Andika ya kufunza adabu.

Nahodha: Kijana, mchapishaji kakubali, sasa usingizi unakosa kwa lipi? Nani kakataza?

Kijana wa Mkomani: Hakuna. Ila hadithi ya 4 ni ya nyumbani kwa shangazi. Mwanawe alizama. Jina nimebadilisha, mtaa pia. Na mkataba nimeshatia sahihi.

Nahodha: Umeshatia sahihi ndiyo waja kuuliza! Shangazi anajua?

Kijana wa Mkomani: Bado. Yeye si msomaji. Na nikiiondoa hiyo, zilizobaki zinapwaya.

Mzee wa Kazi: Huu uzi ni wa kutunga. Anatutega tununue kitabu. Mambo yamepangika mno.

Msomaji Sugu: Kama katunga, basi kalamu anayo.

Kijana wa Mkomani: Laiti ningekuwa nimetunga. Kwenye zidaka za ukumbini kwake, katikati ya bakuli za kaure, kuna kiatu kimoja cha plastiki, cha buluu, cha mguu wa kushoto. Kila Ijumaa hukifuta vumbi kwa upindo wa leso. Katika hadithi yangu, usiku kiatu kile hutota maji ya chumvi.

Binti Shela: Subhanallah. Mtoto siku hiyo alikuwa na nani?

Kijana wa Mkomani: Na mimi. Nilikuwa na miaka 9, yeye 6. Hilo sikuliandika.

Binti Shela: Shangazi yuko wapi sasa hivi, kaka?

Kijana wa Mkomani: Ndani. Mimi nimekaa hapa dakani kwake. Yuko juu ya mbuzi, namsikia akikuna nazi.