Mrejesho: vile vitambaa vya nailoni na poliesta vya kushonea mfarishi (blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa)

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje na furushi la vitambaa nilivyopewa: nailoni ya parachuti, organza (kile kitambaa chepesi kinachoonyesha upande wa pili), na poliesta yenye nyuzi za kung'aa. Vilikuwa vinateleza, mashine inaruka mishono, na pasi ilishatoboa kimoja.

Asanteni sana. Sindano ndiyo iliyonikomboa. Nilitoa namba 90 niliyoizoea, nikaweka mpya namba 70, nyembamba zaidi na yenye ncha kali, na kule kuruka mishono kukaisha papo hapo. Pini nimeziacha, maana kwenye nailoni tundu likishatoboka halizibiki. Natumia vibanio vya pembeni. Aliyesema nibandike bitana ya gundi (inayoshika kwa moto wa pasi) kwa nyuma kabla ya kukata, Mungu akubariki: poliesta imetulia kama pamba. Pasi naiweka moto mdogo, natandika kitambaa cha pamba juu, nakandamiza na kuinua bila kuburuta.

Organza haikukubali njia hiyo. Gundi ilionekana kwa mbele, madoa madoa kama ukungu kwenye kioo. Nimeishonea juu ya kipande cha pamba, viwili vikashikana kama kimoja, na rangi ya chini inapenya vizuri mno. Ila kingo zake bado zinafumuka nyuzi, hilo sijalipatia dawa.

Mabaki nimewagawia wenzangu wawili, kila kifungu na kikaratasi chake: aina ya kitambaa, moto wa pasi, namba ya sindano. Mfarishi wenyewe umebaki kutiwa ukingo tu.