Muvi za watu wenye uwezo wa ajabu, zile ambazo uwezo wenyewe unamgharimu mtu: nitajieni mlizoziona

Mwana_wa_Wete
Assalaam aleikum wadau. Nnatafuta muvi za kisayansi za watu wenye uwezo usiokuwa wa kawaida ila sizitaki zile za nguo za kubana na kuokoa dunia, hizo nshazichoka, mtu anapigwa anaamka anapigwa tena, mji mzima unaanguka na hakuna anaeumia. Nnataka zile ambazo mtu kama mie na weye anajikuta ana kitu wenzake hawana, halafu kitu kile kinamlia maisha, usingizi hana, marafiki wanamkimbia, wenye nguvu wanataka kumtumia. Na sayansi iwemo japo kidogo, tuambiwe kimetokana na nini. Mie nilivutwa na ile X-Men ya mwaka 2000, inaanzia kambi ya Auschwitz mwaka 1944, mtoto anatenganishwa na wazazi wake na geti la chuma linapinda kwa uchungu alonao. Dakika chache zile zimenikaa kichwani kuliko mapigano yote ya mbele. Zenye hisia kama ile ndizo nnazozitaka, kwenye flashi napakiliwa vitu vyengine kabisa.

Bibi_Mlandege
Wa aleikum salaam mwanangu. Itafute Unbreakable, nayo ya 2000, Bruce Willis na Samuel L. Jackson. Treni inapata ajali, abiria wote wanakufa isipokuwa Willis, hana hata mkwaruzo, na ni mlinzi tu wa uwanja wa michezo. Upande wa pili kuna bwana, ndie Jackson, ambae mifupa yake inavunjika kwa kitu kidogo tu, na ugonjwa ule upo kweli, kitaalamu osteojenesisi impafekta, mwili unakuwa hautengenezi vizuri kolajeni ambayo ndio inayoipa mifupa uimara, na wapo watoto wanaozaliwa tayari wameshavunjika kama yule wa kwenye muvi. Sasa yule bwana dhaifu anakwenda kumtafuta mwenye nguvu ili ajue yeye mwenyewe aliumbwa hivyo kwa ajili gani. Hapo ndipo penye utamu. Na pale mtoto anapomuongezea baba yake vyuma vya kunyanyua, vikiisha anatia makopo ya rangi, baba ananyanyua tu, na usoni ana khofu badala ya furaha. Iangalie usiku peke yako, ni ya pole pole, usiwe na haraka nayo.

Fundi_Darajani
Bibi kasema kweli ila mie kwa alichokiomba huyu ndugu naweka Chronicle ya 2012 juu ya zote. Vijana watatu wa skuli wanaingia kwenye shimo wanakuta kitu kinang'aa hakijulikani kimetoka wapi, baada ya hapo wanaweza kusogeza vitu kwa akili, wanaanza na vidogo vidogo mpaka wanaruka angani, na uwezo unakua kwa mazoezi kama musuli na ukiuzidisha pua inatoka damu. Mmoja wao baba yake mlevi anampiga, mama yake mgonjwa wa kansa na pesa ya dawa hamna. Ndio uone kwamba kilichomharibu yule kijana kilikuwa nyumbani kwao kabla ya shimo, uwezo ulikuja ukampa mikono ya kufanyia alichokuwa nacho moyoni. Imepigwa kwa mtindo wa kamera za wenyewe mkononi, hadithi ni ya Seattle lakini sehemu kubwa walipigia Cape Town, na bajeti ilikuwa kama dola milioni 12 ambazo kwa Hollywood ni kidogo sana.

Halafu utaletewa Lucy ya 2014. Iangalie kwa raha ya macho lakini ile habari iliyomo mule ya binaadamu kutumia asilimia 10 tu ya ubongo si kweli, tusiwafundishe watoto. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula karibu asilimia 20 ya nishati, sasa mwili utalisha vipi kitu ambacho sehemu kubwa imekaa bure? Hata ukilala unafanya kazi.

Mkojani
Yakhe nyote mnataja za mbali, nami nataka niseme jambo ambalo limo kichwani mwangu siku nyingi. Kuna watu wanaitwa Wabajau, huko Indonesia, Malaysia na Ufilipino, wanaishi kwa kuzamia, na mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo kwamba bandama zao ni kubwa kwa kama asilimia 50 kuliko za majirani zao Wasaluan, na hata Wabajau wasiozamia wanazo hivyo hivyo, maana yake wamerithi. Ukiingia majini ukaziba pumzi bandama inajikamua inatoa chembe nyekundu za damu ilizoziweka akiba, oksijeni inaongezeka. Huo si uwezo wa ajabu jamani? Na upo, haukutungwa na mtu.

Sasa tia hadithi hiyo kwetu. Kijana wa Kojani, kisiwa cha Pemba, anakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, na wakubwa zake, wanazamia, wenzake wote wanatoka yeye hatoki, wanamlilia wanasema kafa, anatoka na mzigo wake hana wasiwasi. Siku ya kwanza wanafurahi, baada ya hapo wanaanza kumkwepa chomboni, anakula peke yake. Na gharama yake ipo kwenye sayansi yenyewe wala hatuna haja ya kuitunga, kwa sababu mzamiaji anaekaa chini sana khatari yake khasa iko wakati wa kupanda, shindikizo linapungua, oksijeni iliyobaki mapafuni inashuka ghafla na mtu anazimia mita chache tu kabla ya kufika juu. Kwa hiyo kila akizidi kuweza ndivyo anavyozidi kukikaribia kifo. Muvi hiyo nani atatutengenezea? Nnaiona yote, mpaka rangi ya maji.

Bibi_Mlandege
Mkojani umenisisimua wallahi. Ila nina wasiwasi mmoja, hapa petu ukileta mtu wa namna hiyo kwenye muvi, dakika ya kumi ashatiwa jini, analetwa mganga na ubani, na bandama yako imeshasahauliwa.

Mkojani
Bibi, wanakijiji waseme hivyo, ni sawa, ndivyo watu watakavyosema na ndiyo itakayomtenga na wenzake. Muvi yenyewe ndiyo isiseme hivyo. Daktari ampime kwa ile mashine ya picha wanayopimia waja wazito, aone bandama ilivyo, na yule kijana abaki anajua jambo ambalo akilieleza kwao hakuna atakaemuamini. Huo upweke ndio anaoutafuta ndugu yetu wa Wete.

Fundi_Darajani
Kamera ya chini ya maji siku hizi si kitu cha kushindikana, vijana wanaopiga video za watalii wanazo. Na Wakenya walishatuonesha njia na Supa Modo ya 2018, mtoto Jo anaumwa ugonjwa usiopona, anatamani kuwa shujaa mwenye nguvu, na kijiji kizima kinajikusanya kumtengenezea muvi yake. Sayansi hamna mule lakini ina moyo kuliko nyingi za mamilioni. Kazi kubwa ni kuiandika, na ikishakuwa muvi tamasha la muvi la ZIFF lipo Unguja hapa hapa.

Mwana_wa_Wete
Ahsanteni sana, Chronicle na Unbreakable nshazipata, naanza na ya Bibi leo usiku. Mkojani, usiiache hiyo. Ila nijibu moja, huyo kijana anae mtu mmoja wa upande wake au hana kabisa? Mie ningempa dada, yeye nae anayo bandama hiyo hiyo maana ni ya kurithi, lakini hajawahi kuzamia kwa sababu hakuna aliemchukua.

Mkojani
Dada! Hilo sikulifikiria. Nitumie ujumbe faragha, tuandike.