Tupeane uzoefu: maziwa yakishakuwa pesa, nyumbani kunabadilika nini?

Mwenye Uzi: Wakuu, habari za huko. Huku kusini-magharibi mwa Uganda, Mbarara, Kiruhura, Isingiro, matangi ya kupozea maziwa siku hizi hayako mbali na mtu. Wenye kuijua kazi tupeni mambo yenye vipimo. Hadithi za "jirani alitajirika" tuziweke kando.

Mpima Maziwa: Pesa nyingi hupotelea mlangoni pa kituo cha kukusanyia maziwa. Mpokeaji huchanganya mililita 2 za maziwa na 2 za spiriti ya asilimia 70 hivi. Yakiganda vipande, keni nzima inarudi. Watu hudhani ni uchachu tu. Ng'ombe aliyezaa juzi bado ana dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na mwenye ugonjwa wa kiwele naye maziwa yake huganda hivyohivyo, kwa hiyo mmoja tu anakuharibia lita 50. Kamua matone ya mwanzo ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge, ya huyo yakae pembeni.

Laktomita nayo, kile kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji: nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20 za joto. Maziwa yakiwa bado na joto la kiwele husoma chini, mtu anaitwa mwizi wa maji bure. Acha yapoe, povu lishuke, ndipo usome.

Na dumu la plastiki tuachane nalo. Mkono hauingii, mikwaruzo ya ndani inaficha utando, maziwa ya kesho yanachachukia humo.

Tabibu wa Mifugo: Friziani, ng'ombe wa maziwa wa kigeni, si ng'ombe wa asili wa Ankole. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, humuua upesi, na kupe wa huku wengi wamezoea dawa. Kosa kubwa ni kubadilisha chupa bila kubadilisha aina ya dawa: majina mawili, kiungo kilekile. La pili, kupunja. Pampu ya lita 16 haitoshi ng'ombe kumi wazima! Lowesha mpaka maji yatiririke, na usisahau ndani ya masikio na chini ya mkia.

Dereva wa Busia: Bei ya Kiruhura hutegemea soko la Nairobi kuliko watu wanavyodhani. Machi 2023 Kenya ilisimamisha uagizaji wa unga wa maziwa. Mvua ikinyesha, maziwa ni mengi na mpaka wa Kenya umebana, mfugaji ndiye anayebeba hasara. Anayepanga ada ya shule kwa bei ya kiangazi anajitafutia deni.

Mama Ekyanzi: Mmesahau jikoni. Zamani maziwa yakiingia kwenye ekyanzi, chombo cha mti cha maziwa, yalikuwa mikononi mwa mama: ya watoto, ya wageni, ya samli ya kutengenezea eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli. Yakiingia kwenye keni, risiti hutoka kwa jina la baba, basi. Mama bado ndiye anayeosha keni na kukata majani. Tengeni ya nyumbani kabla kifuniko hakijafungwa, maana kikishafungwa hakuna wa kukifungua. Ndama naye ahesabiwe: lita 4 kwa siku kwa mwenye kilo 40.

Mwenye Uzi: Na kituo kikiandika jina moja tu?

Mama Ekyanzi: Omba kadi mbili, ya asubuhi na ya jioni, ya jioni iwe ya mama. Wakikataa, apeleke keni yake ndogo ya lita 5 yenye namba yake. Mpokeaji anaandika namba, hakuulizi mume ni nani.