Naomba ushauri: pampu ya mafuta baada ya kufunga turbo

Wakuu, habari zenu. Gari yangu ya petroli, injini lita 2, nimeifunga turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini) na lengo ni presha ya turbo ya bar 1. Tatizo mafuta hayatoshi. Turbo ikishika, mchanganyiko wa hewa na mafuta unapanda kutoka 11.8 hadi 13.5 (uzito wa hewa kwa kila 1 ya mafuta, yaani mafuta yanakuwa machache) na presha ya mafuta inashuka. Hapo naachia pedali mara moja, pistoni zisije zikaungua. Regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) inafuata presha ya turbo, kwa hiyo pampu inatakiwa kufikisha bar 4 badala ya 3, na presha ikipanda lita inazosukuma pampu zinapungua.

Nianze na pampu ya lita 255 kwa saa, au nibadilishe na nozeli (za kupulizia mafuta kwenye injini) kabisa? Na waya wa pampu, nivute mpya wenye rilei (swichi ya umeme) yake toka kwenye betri? Nielekezeni tafadhali.